Mioyo Mitatu ya Pweza

Krismasi iliyopita nilipokwenda nyumbani Mayoni, binti wa binamu yangu aliniuliza swali la kazi yake ya shule: pweza ana mioyo mingapi? Nilimjibu mitatu kabla hajafunga mdomo. Akataka kujua nimejulia wapi. Nikamwambia nilifundishwa hapa hapa, katikati ya miwa, kisha nikatoka nje ili asiniulize na nani.

Wewe nitakwambia. Alikuwa jirani yetu, mpishi mstaafu. Ujana wake wote aliumalizia Mombasa akiwapikia wazamiaji kwenye boti, na aliporudi hakuja na mke wala mtoto. Alikuja na sufuria zake, visu vitatu na maneno mengi. Mimi nililelewa na nyanya, wawili tu katika boma lililojengewa watu kumi. Kila jioni nyanya alifunika sahani ya obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda akanituma kwa mpishi, akisema mtu akila peke yake hata chumvi haikolei. Ningeweza kuacha sahani nikarudi. Lakini kwetu hakukuwa na wa kucheza naye, na kwa mpishi kulikuwa na bahari.

Pweza alinieleza kwa mafiga ya jiko lake. Figa hili ni moyo wa mwili mzima, haya mawili ni ya mashavu anayopumulia. Akiogelea, ule wa mwili husimama, ndiyo maana hupenda kutambaa. Damu yake ni ya buluu. Alinieleza jongoo bahari, ambaye akishikwa na adui humtapikia matumbo yake yote, akaenda zake kuotesha mengine. Mimi niliyewajua jongoo wa shambani, wanaojikunja tu ukiwagusa, nilimheshimu sana huyo wa baharini. Zaidi ya wote nilimpenda farasi wa baharini. Mke humwekea mume mayai katika mfuko wa tumbo, na mume ndiye anayebeba mimba na kuzaa. Mpishi alimwona mmoja ndani ya ndoo, akijikunja kwa uchungu na kumwaga watoto wadogo kama punje za mchele. Mimi sikumjua baba yangu. Usiku huo nililala nikimfikiria yule samaki.

Nilipokuwa na miaka kumi, tajiri mmoja wa miwa aliyepakana nasi alilima kwa trekta hadi akaimeza chemchemi yetu. Miti ya mpaka aliing'oa yote. Liguru, yaani mzee wa kijiji, akaitisha kikao uani kwetu, watu wakakalia mabenchi ya kanisa. Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu. Ni mpishi, ambaye akiwa kijana alimshikia babu yangu kamba siku mpaka ulipopimwa. Alisimama akasema bila kuzunguka: mpaka unapita juu ya chemchemi, si chini yake, maji ni ya boma la nyanya.

Tajiri hakubishana naye habari ya mpaka. Aliwageukia watu tu.

"Huyu si ndiye anasemanga samaki dume anabeba mimba?"

Watu wakacheka. Liguru akamuuliza mpishi kama kweli huwa anasema hivyo. Angekana, mambo yangeishia hapo.

"Nilisema," mpishi akajibu, "kwa sababu niliona."

Kicheko kikazidi. Hapo tajiri akaninyooshea mkono mimi. "Wewe msichana ndiye unampelekeanga chakula. Hayo maneno yake ni ya kweli?"

Nyuma ya ua walisimama wanafunzi wenzangu, wakitafuna miwa na kusubiri. Niliamini kila neno la yule mzee. Nyuma ya daftari langu la hesabu nilikuwa nimemchora farasi wa baharini, tumbo limemvimba. Lakini niliona jinsi walivyokuwa tayari kunicheka, na nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu.

"Hapana," nikasema. "Anatudanganyanga tu."

Liguru akaamua kwamba ushahidi wa mtu wa namna hiyo hauwezi kuhamisha mpaka. Chemchemi ikaenda. Nyanya hakunigombeza hata siku moja. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, akachukua mtungi akaanza kushuka mtoni, mwendo mara tatu ya ule wa zamani, na magoti yake yale mabovu. Ningependa angenichapa.

Jioni ya kikao nilipeleka sahani kama kawaida. Mpishi aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia asante mjukuu wangu, nimsalimie nyanya. Nikasimama mlangoni nikingoja habari za bahari. Akala, akaosha sahani, akanirudishia. Ikawa hivyo kila jioni kwa miaka minne, mpaka alipofariki. Asante, salamu, sahani safi. Sikuwahi kumwomba msamaha, na yeye hakuwahi tena kunitajia hata dagaa. Wale wenzangu wa nyuma ya ua nao hawakuwa marafiki zangu kwa sababu ya siku ile. Nani anataka kucheza na mtoto wa boma lililokosa maji?

Sasa nyanya hayupo. Nyumba ya mpishi iliyeyuka kwa mvua, na pale ilipokuwa pamepandwa miwa. Hiyo Krismasi nilikwenda kumwona liguru, ambaye ni mzee sana lakini akili zake ni timamu. Jina la kila mtu aliyekaa kwenye yale mabenchi analikumbuka. Nilimweleza kuwa mpishi alisema kweli kuhusu samaki na kuhusu mpaka, na kwamba mimi ndiye niliyedanganya.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Mpishi yupi?" akauliza.

Nikamweleza tena, kuanzia mwanzo. Akatikisa kichwa, akasema labda namchanganya na mtu wa kijiji kingine.