Mama Mkwe, Meneja na Uzi wa Kuchoma

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na nikisema fundi simaanishi wale wa "njoo kesho" mpaka mtoto anaizidi nguo kabla haijashonwa. Yeye akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Anashonea chumba cha mbele hapa nyumbani kwetu: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ya kukatia, pasi, na ndoo ya vipande alimokuwa akilala paka wake, Meneja. Alimwita hivyo kwa sababu hakuwa na kazi yoyote ila kukaa juu ya kazi za wenzake. Mimi na huyo Meneja tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Manyoya yake yakinasa kwenye suti nyeusi ya mteja, nani anayatoa? Mimi, mke wa mwanawe.

Basi Meneja akaanza kukonda. Leo anatapika, kesho anaharisha, keshokutwa anakula kama hajawahi kuona chakula, na mbavu zinazidi kujitokeza. Tukampa dawa ya minyoo, wapi! Mwishowe nikambeba mwenyewe kwa daktari wa wanyama, mama mkwe akinifuata nyuma na kikapu, ananiambia nisimtikise.

Daktari alikuwa binti mpole. Alimpapasa tumbo, akampima kwa altrasaundi, akatuonyesha kuta za utumbo zilivyonenepa.

"Naogopa ni limfoma," alisema. "Ni saratani ya zile chembe za damu zinazolinda mwili."

Mama mkwe alivuta kikapu chake. "Saratani ni saratani. Mpige sindano alale, asiteseke."

Nilimwelewa. Baba mkwe alikufa kwa ugonjwa huohuo, mbiombio, kabla hata hatujazoea kulitamka jina la ugonjwa wenyewe. Tangu hapo neno hilo kwetu lilikuwa na maana moja tu. Mama mkwe alisema hayo bila kutetemeka, ila mkono mmoja kaubana kwapani kama mtu anayesikia baridi.

"Mama, hazifanani," daktari akamjibu taratibu. "Ipo inayokaa kifuani, paka akahangaika kupumua. Ipo ya pua, ipo ya figo. Hii ya tumbo ndiyo tunayoiona zaidi kwa wazee kama huyu, nayo ina aina mbili. Moja ni ya chembe kubwa, ina haraka. Bila dawa paka hapati muda, na kwa dawa kali wengi hupata miezi tu. Nyingine ni ya chembe ndogo, inakwenda polepole. Hiyo ni vidonge nyumbani, na wengi huishi miaka miwili, hata mitatu."

"Sasa ya Meneja ni ipi?" nikauliza.

"Kwenye picha siwezi kuzitofautisha. Lazima nikate kinyama kidogo cha utumbo, kikatazamwe kwa hadubini."

Hapo nikakumbuka kitu. Mteja akileta kitambaa na kuapa kuwa ni pamba tupu, mama mkwe habishani naye. Anachomoa uzi mmoja pindoni, anauwashia kiberiti. Pamba inaungua ikawa majivu laini, polista inayeyuka na kuganda kitone kigumu. Hashiki pasi kabla ya hapo, hata umpigie magoti.

"Mama," nikasema, "wewe ungepiga pasi kabla hujachoma uzi?"

Alinitazama jicho la kunimeza. Kisha akaguna, na nusu ya guno lile ilikuwa kicheko.

"Una mdomo wewe, msichana." Akamsogezea daktari paka wake. "Haya. Choma huo uzi."

Siku za kungoja majibu, mama mkwe alishona kola upande, akaifumua, akaishona upande tena. Jamani, fundi yule! Mimi nikajikuta namwombea paka, mimi huyu huyu. Simu ilipolia nikaipokea kwa mikono miwili.

"Chembe ndogo," daktari alisema.

Mama mkwe alikaa chini sakafuni katikati ya vipande. "Ee Mungu, asante," akasema, "asante, asante," akimvuta Meneja masikio.

Kazi ikawa vidonge. Kimoja nilikishika kwa glavu kama alivyoagiza daktari, maana si dawa ya kushikwa kwa mkono mtupu; kingine cha kila siku Meneja alikitema popote alipojisikia. Siku moja bwana harusi alikuja kujaribu koti lake, akatia mkono mfukoni, akatoa kidonge, akauliza hiki ni cha nini. "Cha ujasiri," mama mkwe akamwambia, na yule kijana akakimeza! Tulimpigia daktari mbio, akasema hakitamdhuru, ila tuache kuwatibu wateja.

Meneja akanenepa. Asubihi moja nilimkuta amelala juu ya suti nyeusi, na kwa furaha sikumfukuza. Mama mkwe alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Mwanangu, funga mlango."

Nikaufunga. Akauchukua mkono wangu, akaupeleka kwapani mwake. Kulikuwa na uvimbe, mgumu kama kifungo cha koti.

"Upo tangu kabla Meneja hajaugua," alisema. "Nilishajihesabu nimekwenda. Nikasema ninyamaze, nisiwasumbue." Akamtazama paka. "Nipeleke. Na mimi wakanichome uzi."

Nilimgombeza huku nalia, nikampeleka siku ileile. Ilikuwa saratani kweli, lakini aina inayosikia dawa, na madaktari walisema tumeiwahi.

Meneja alituachia karibu miaka mitatu ya manyoya. Alikufa usingizini, ndani ya ndoo yake ya vipande, na ndoo hiyo hadi leo sijaruhusu mtu aiguse. Namshukuru paka yule kuliko ninavyoweza kusema. Hapa ninapokusimulia, cherehani inalia chumba cha mbele, na anayeikanyaga ni mama.