Mwangwi Uliotangulia Sauti

Nimeliandika jambo hili mara tatu katika daftari langu, na mara tatu nimezichana kurasa. Mara ya kwanza niliona nimejipendelea. Mara ya pili niliona nimemwonea wifi yangu. Mara ya tatu niliogopa tu. Hii ni ya nne, na nimejiapiza sitaichana. Shule niliishia darasa la sita, kwa hivyo usitafute maneno mazuri hapa. Pale nisipokuwa na hakika nitakwambia sina hakika. Lakini lile kubwa, lile la ukuta, wallahi nililisikia kwa masikio haya mawili, nikiwa mzima, sina homa wala sikuwa nimefunga.

Tena mchana. Watu hudhani mambo haya ni ya usiku. Mimi yalinikuta adhuhuri, jua limesimama utosini.

Ukitoka Changamwe ukaziacha nyumba za mwisho, ukaelekea upande wa bara, ardhi hupasuka. Sijui niseme vipi vingine. Unatembea juu ya udongo mwekundu na majani makavu, mara unaona mbele ya vidole vyako pamekatika, na chini kuna korongo lenye kina cha minazi miwili. Huko juu makorongo madogo matatu hushuka na kukutana, yakawa moja, na hilo moja hupindapinda mpaka likaishia kwenye mikoko ya hori, pale maji ya bahari yanapoingia nchi kavu. Chini ni mchanga mtupu, miezi na miezi. Mto upo kwa jina tu. Lakini mvua ikinyesha bara, hata kama kwetu hakuna wingu, maji huja. Hayaji kidogo kidogo. Huja yote pamoja.

Ukutani unaona tabaka. Juu udongo mwekundu, chini yake mchanga wa njano, kisha jiwe la kijivu linalobanduka vipande vyembamba. Ndani ya jiwe hilo mna konokono wa mawe, wamejikunja, wengine upana wa kiganja. Bahari iko mbali na pale, nani aliwaleta? Sisi hatukuwa tukiuliza. Jiwe la kijivu halifai, ukiligonga linakuwa unga. Tuliyokuwa tukiyataka ni yale mawe magumu ya mviringo yanayoburutwa na mto kutoka bara. Hayo tuliyagonga kokoto, tukauza kwa wajenzi. Mimi na wifi yangu Mejumaa, mdogo wake mume wangu, tuliifanya kazi hiyo miaka minne.

Mawe mazuri yalikuwa mahali tunapopaita Mlangoni. Hapo kuta mbili zinakaribiana, ukinyoosha mikono unakaribia kuzigusa zote. Na hapo palikuwa na ada yake. Kabla hujaingia, unasimama unaliita jina lako mwenyewe kwa nguvu, unangoja. Ukuta ukikurudishia jina zima, unaingia. Likirudi limekatika au limefifia, unarudi zako nyumbani, hata kama hujagonga jiwe moja. Wazee wa kazi walisema maji yakiwa njiani yanasukuma hewa mbele yake, na sauti hairudi sawasawa. Wengine walisema ni wenyewe wa pale, majini, wanakukatalia. Mimi sijui lipi ni lipi. Najua ada ile iliwaokoa watu.

Siku hiyo tuligombana. Nitasema kwa haki: nilianza mimi. Nilimwambia Mejumaa asiingie Mlangoni saa ya adhuhuri, tungoje jua lipinde. Nilimwambia kwa sauti ya mkubwa, mbele ya wachota mchanga waliokuwa chini yetu, naye hapendi.

"Wewe wifi waogopa hata kivuli chako," akasema. "Kaa hapo unywe chai. Mwanamke mzima, kazi kuhesabu majini!"

Wale wanaume wakacheka. Mejumaa akaliita jina lake, jina likarudi zima, akachukua nyundo na karai, akaingia. Nikabaki nje kwenye kivuli cha ukuta, na chupa yangu ya chai, na kidumu cha maji cha lita tano, na hasira zangu. Nilikuwa nasikia nyundo yake ndani, ko, ko, ko.

Hapo ndipo ukuta wa mbele yangu uliposema, "Hodi."

Nikageuka. Mtu alikuwa anashuka kutoka upande wa bara, kwenye mchanga, polepole, kanzu yake imekuwa rangi ya udongo, viatu amevishika mkononi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Nakumbuka wazi, kwa sababu nilimtazama mdomo. Akapiga hatua mbili hivi, ndipo akaufungua akasema, "Hodi."

Nilijiambia nini? Nilijiambia jua. Wewe ungejiambia nini?

"Karibu," nikasema. Ukuta ukasema "Salaam aleikum", na yeye akafuatia, "Salaam aleikum." Sauti ile ile, na kikohozi kile kile kidogo mwishoni. Kila alichosema kilitoka ukutani kwanza, kisha kinywani mwake, kama mtu anayerudia maneno aliyotangulia kuyatuma. Nilitaka kukimbia. Lakini miguu haikunyanyuka, na adabu ni adabu. Nikaitikia.

Akaomba maji. Nikampa kidumu. Alikunywa bila kupumua, lita tano, mpaka kikasinyaa. Alipomaliza akaenda ukutani, akaweka kiganja juu ya konokono mmoja wa mawe, akampapasa kama unavyompapasa paka wa nyumbani.

"Bahari i wapi, binti yangu?" akauliza. "Niliiwata hapa hapa."

Kuwata ni kuacha, hivyo ndivyo wazee wa Mvita wasemavyo. Nikamwambia bahari iko kule mikokoni, mwendo wa nusu saa.

"Basi imenikimbia," akasema, na akacheka kidogo. Kicheko nacho kilitangulia. Kisha akasikiliza ile ko, ko, ko. "Aliyeko ndani ni nani wako?"

"Wifi yangu."

"Mmepatana?"

Kwa nini aliuliza hilo? Mpaka leo sijui.

"Mimi natembea polepole," akasema. "Mwenzangu yuaja nyuma. Yeye hatembei hivi."

Akaniwekea kidumu miguuni, akashika njia ya kwenda chini, akapinda kona. Sitasema alitoweka. Alipinda kona, basi. Wale wachota mchanga walikuwa upande huo huo, na baadaye waliniapia hawakuona mtu. Huenda walikuwa wameinamia majembe yao. Kidumu nilikiangalia ndani: kilikuwa kikavu, hata unyevu hakuna. Huenda ni jua. Nakuandikia vyote.

Nikaenda Mlangoni. "Mejumaa, toka. Twende nyumbani."

"Umeanza tena?"

"Amepita mtu hapa si wa kawaida. Toka, nakuomba."

"Mtu gani? Sikusikia mtu mimi." Akajipangusa jasho kwa leso. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona ananyang'anywa mahali pake. "Haya, nisikilize. Naliita jina tena hapa hapa. Likirudi limekatika, natoka, na nakubebea na karai lako. Likirudi zima, unaniwacha nifanye kazi. Sawa?"

"Sawa," nikasema. Kwani si ndiyo ada yetu?

Akasimama wima, akajaza kifua. Na ukuta ukasema, "Mejumaa!" Jina zima, safi, halina mkato. Kisha ndipo yeye akafungua mdomo na kuita, "Mejumaa!" Baada ya hapo, kimya. Hakuna kilichorudi.

Akanitazama. Nami nikamtazama.

Hapa ndipo nilipochana kurasa zile mara zote tatu. Nilisikia. Nilijua kwamba ukuta haukurudisha kitu, kwamba lile jina tulilolisikia halikuwa jibu. Ningesema neno moja tu. Lakini nikafikiri: nikisema ukuta umetangulia, atacheka, na kesho Changamwe nzima itacheka. Nikafikiri pia, na hili linaniuma zaidi: basi akae, si amejitakia? Sikulifikiri kwa muda mrefu. Lakini nililifikiri.

"Umeona?" akasema, ila sauti haikuwa na nguvu. "Limerudi zima."

"Limerudi," nikasema. Nikaondoka.

Nikaanza kupanda njia ya juu na karai langu. Nilikuwa nimefika nusu ya ukuta niliposikia kama lori linamwaga mawe, mbali, huko makorongo matatu yanapokutana. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kuonyesha kwa kidole. Nikapiga kelele. Wachota mchanga wakapanda mbio kama panya. Na maji yakatokea konani, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti mizima, na mbele yake upepo wa baridi.

"Wifi!" Ni Mejumaa, chini yangu.

Alikuwa ametoka Mlangoni na ameukwea ukuta kadiri alivyoweza, amelishika lile jiwe la kijivu, nalo linambandukia mikononi, kipande baada ya kipande. Nikafunga leso zangu mbili fundo moja, nikalala kifudifudi, nikamteremshia. Akaidaka. Nilimvuta, mikono ikanichanika, wanaume wawili wakanishika miguu nisiende naye. Tulipokuwa tunakaribia kumtoa, jiwe kubwa la mviringo, katika yale yale tuliyokuwa tukiyatafuta, likapita na maji na kumbana mguu ukutani. Nilisikia mvunjiko wake kuliko kelele zote za mto.

Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Maji yenyewe yalipita chini ya saa moja. Jioni mchanga ulikuwa umeshaanza kukauka.

Mtu alipokuja kumpa pole, Mejumaa alisema yale yale. "Wifi yangu aliniambia nitoke, nikafanya kichwa ngumu. Na bado akanivuta. Huyu si wifi, huyu ni dada." Watu wakanishika mikono, wakaniombea dua. Miezi minane nilizipokea zile dua. Nikimwosha, nikimfunga kitambaa kwenye kigutu, ananishukuru, na mimi naitikia. Niambie, mtu anayeshukuriwa kwa uongo hula vipi, hulala vipi? Mimi nilikuwa sili na silali.

Ijumaa iliyopita nilimkuta uani ameketi mkekani, anachambua mchicha. Nikakaa mbele yake nikamwambia, "Wifi, siku ile nilisikia. Ukuta uliita jina lako kabla hujaliita. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuonea haya, tena nilikuwa na hasira nawe."

Hakuniangalia. Akachambua jani moja, na la pili. Nikangoja anifukuze. Haki ilikuwa yake.

"Na mimi nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Kabla sijafungua mdomo. Nilikutazama nione kama nawe umesikia. Nikasema ukisema wewe, natoka. Kuanza mimi, baada ya maneno yote yale niliyokutusi mbele za watu? Sikuweza, wifi."

Mchicha ukanyauka pale mkekani, hakuna aliyeupika.

Yule bwana simsingizii. Sijui alikuwa nani. Sijui alikuja kutuonya au alikuwa anapita tu kuitafuta bahari yake. Aliyemnyima wifi yangu neno ni mimi, na aliyeninyima mimi ni yeye. Kwa hivyo wewe unayesoma, ukishuka korongoni na mwenzako mkasikia kitu ambacho masikio yenu hayakukizoea, usimtazame usoni ukingoja aanze. Sema. Akicheka, mwache acheke, mradi mnapanda.