Karani Aliyejua Miandiko Yote

Shangazi yangu, dada yake baba, alifanya kazi masijala ya mamlaka ya maji kwa miaka ishirini na saba. Karani wa masijala ni yule anayekaa nyuma ya kidirisha. Kila barua inayoingia ofisini inapitia mikononi mwake, na kila faili linalotoka yeye ndiye anayejua limekwenda wapi. Baba alikuwa akisema dada yake ana kufuli mdomoni na ufunguo ameumeza. Alisema kwa kulalamika, maana hata habari za uchumba wa binti yake shangazi tulizipata kwa majirani.

Kwa hiyo wakubwa walipoamua kuweka utaratibu wa wafanyakazi kuripoti maovu ya ndani bila kujitaja, hawakuumiza kichwa kutafuta wa kuusimamia. Waliandika mwongozo wa kurasa arobaini, wakatengenezesha sanduku la bati, wakamkabidhi shangazi ufunguo. Sanduku lenyewe walilitundika mkabala na mlango wa mkurugenzi, na mwezi mzima likapata karatasi moja tu, ya pipi. Watu walishalibatiza sanduku la wambea. Shangazi akamwita fundi, akalihamishia kwenye korido ya kuelekea vyooni, ambako kila mtu ana sababu ya kupita na hakuna wa kumuuliza anakwenda wapi. Nampendea akili hiyo.

Wiki ya pili akakuta barua. Ilikuwa nusu ukurasa wa daftari, kwa kalamu ya buluu. Ilisema kituo kimoja cha kusafishia maji hakijapima dawa tangu kifaa cha kupimia kiharibike, na kila asubuhi msimamizi anaamuru namba za jana zinakiliwe kama za leo. Chini hapakuwa na jina. Lakini shangazi hakuhitaji jina. Miaka yote hiyo alikuwa amesoma fomu za likizo na malalamiko ya kila mtu pale, na miandiko yao aliijua kama sura zao. Hilo wakubwa hawakulifikiria. Na yeye, anakiri, hakulifikiria mpaka alipoishika ile karatasi.

Mwandiko ulikuwa wa mpimaji maji mmoja ambaye hawakuwa wamesalimiana kwa miaka sita. Bwana huyo aliwahi kusimama mkutanoni akasema mafaili yanapotea masijala kwa uzembe, kumbe faili lenyewe lilikuwa kwenye droo yake, chini ya viatu vya mvua. Samahani haikumtoka. Na shangazi anatunza kinyongo vizuri kuliko alivyotunza mafaili, nasema hivi kwa heshima zote. Jina la bwana huyo hajanitajia mpaka leo, ingawa wote wawili wameshastaafu, na nimejaribu kila njia.

Aliichapa barua upya, neno kwa neno, akapeleka nakala juu. Ile ya mkono akaifungia kabatini. Kesho yake mkurugenzi akamwita. Hakuwa mtu mbaya, shangazi anasisitiza. Alimkaribisha kiti, akamuulizia wanawe, ndipo akasema kwamba msimamizi wa kile kituo anadai ni fitina tupu na anataka kumjua aliyeandika. Yeye mkurugenzi angependa kumjua pia, ila nia yake ni kumpongeza tu.

Shangazi alijua pongezi za namna hiyo zinaishia wapi. Mpimaji yule alikuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Jina likitoka, mkataba hautaongezwa, na hakuna atakayethubutu kuandika tena. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Anasema kuna dakika moja alilionja, na lilikuwa tamu. Hilo linamtia aibu hadi leo.

"Mwandiko naujua," alisema. "Jina sitalitaja."

"Mama, mimi si adui yake."

"Basi mpongeze kwa kupimisha maji."

Shangazi akaweka ufunguo mezani, akasema mtu anayejua miandiko yote hafai kufungua sanduku lile. Atafutwe mtu wa nje, na iwepo namba ya simu kwa wasiotaka kuandika. Kisha akarudi kwenye kidirisha chake, akaanza kusubiri barua ya uhamisho. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliogopa sana.

Alisubiri wiki mbili. Maji yalipimwa, dawa ikaonekana pungufu, na barua ya uhamisho ilipokuja ilikuwa ya msimamizi. Mwongozo nao ukabadilishwa kama shangazi alivyopendekeza.

Siku chache baadaye, mchana, mpimaji akaja kidirishani na fomu ya likizo. Kwa miaka sita alikuwa akizituma kupitia wenzake. Shangazi akaipokea bila neno, akaanza kuisoma.

"Hata ile barua ningeweza kuichapa," mpimaji alisema kwa sauti ya chini. "Kompyuta ninayo mezani. Lakini nilijua nani anafungua, dada. Nikataka awepo mtu mmoja wa kujua kwamba imeandikwa na mpimaji mwenyewe, si fitina."

Shangazi akagonga muhuri kwenye fomu. Alikosea tarehe, ikabidi agonge tena.