Uso wa Mama Kwenye Bango la Kifua Kikuu

Siwapendi watu wa fani yangu, na sioni sababu ya kuficha. Nimekaa nao miaka, nimekula nao posho za semina, nimepiga nao picha za pamoja tukiwa na fulana za rangi moja. Bado nikiwaona wamesimama kwenye baraza la hoteli wakipongezana, damu inanichemka. Tunajiita wanamawasiliano wa afya. Kazi yetu ni kuwaambia wananchi wanawe mikono, wamalize dozi, wawahi hospitali. Sisi wenyewe tukikohoa tunanunua vidonge dukani na kuendelea na safari.

Mimi nilikuwa mwandishi wa jarida letu. Kila wiki kampuni, ambayo ofisi yake iko hapa Dodoma mjini, iliwatumia maofisa habari wa hospitali na vituo vya afya kanda nzima habari za fani: nani anaajiri, nani anatoa mafunzo, mfadhili gani anapokea maombi, picha zipi zinatumika bure. Sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa bango la wiki. Tulichagua bango moja, tukalisifu kupita kiasi, na kila ofisa aliruhusiwa kulipakua, kuweka nembo yake chini na kulichapisha.

Nilipokwenda likizo ya uzazi, bosi alilishika jarida mwenyewe. Nikiwa bado nyumbani na mtoto mchanga, mama akanipigia simu.

Mama alikuwa na kibanda cha chakula Kibaigwa, sokoni, upande yanakoegeshwa malori ya mahindi. Ugali, kuku, maharage, mlenda, chai ya maziwa. Madereva walimjua, makuli walimjua, na madalali, ambao hawamsifu mtu bure, walikula kwake kwa sababu hakuwa mchoyo wa mchuzi. Kibanda hicho kilinisomesha mpaka chuo kikuu. Hakuwa na kitu kingine.

Siku hiyo hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Wewe, mmenitangazia TB?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza, nami nikafungua simu, nikalitafuta jarida la bosi, nikamwona mama yangu.

Picha niliijua ilikotoka. Mwaka uliotangulia madaktari wa macho walikuja Haneti, nyumbani kwetu, wakapokea watu kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mama alikwenda kupimwa miwani. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, vumbi limetanda, naye akajiziba mdomo kwa khanga na kufinya macho. Mpiga picha wa kampuni yetu alimwomba ruhusa, akakubali, akijua ni mambo ya miwani. Picha ikawekwa pamoja na nyingine nyingi kwenye hazina yetu ya picha. Baadaye bosi akatafuta mwanamke anayekohoa, akamkuta mama. Juu ya kichwa chake akaandika: "Kikohozi kisichoisha? Huenda ni kifua kikuu. Njoo upime." Kisha akalifanya bango la wiki, akasema ni kazi yenye kugusa moyo.

Maofisa habari walilipakua wote. Huko Kibaigwa bango lilibandikwa langoni mwa soko, kwenye ukuta wa vyoo vya kulipia, na kwenye nguzo ya umeme inayotazamana na kibanda cha mama.

Hakuna aliyemtukana. Walipita tu. Dereva mmoja wa siku nyingi alianza kuja na kikombe chake mwenyewe, halafu naye akapotea. Mama aliwaambia lile ni vumbi la Haneti. Nani amsikilize mama ntilie mbele ya bango lenye nembo? Nilikwenda nikayabandua kwa kucha zangu, na kabla ya wiki kuisha yakabandikwa mapya, safi kabisa.

Nikaenda ofisini na mtoto mgongoni. Bosi alinipokea kwa furaha, akataka kumbeba mtoto. Sikumpa.

"Yule mwanamke kwenye bango ni mama yangu," nikamwambia. "Haumwi. Hajawahi kuumwa kifua."

Aliweka mkono kifuani. "Pole sana, dada. Sikujua kabisa."

"Yaondoe."

"Yameshasambaa wilaya zote. Mfadhili ameyapenda mno." Akafikiri kidogo, na uso ukamng'aa. "Lakini tunaweza kutengeneza jingine. Yeye huyohuyo, anatabasamu, kavaa vizuri. 'Nilimaliza dozi, nimepona.'"

"Amepona nini wakati hajaumwa?"

"Watu hawahitaji habari hiyo, dada. Watu wanataka kuona safari ya mgonjwa."

Sijawahi kumpiga mtu. Siku ile mtoto aliyekuwa mgongoni ndiye aliyemwokoa.

Aliponiona naondoka, akanifuata mpaka mlangoni na wazo jingine. Kampuni ilikuwa inaandaa mafunzo ya maofisa habari, mada ni kupinga unyanyapaa wa wagonjwa. Mama apewe kazi ya kupika chakula cha mchana. Watu wamwone, wale chakula chake, na yeye bosi aseme mbele yao kwamba mama haumwi. Hilo nilimpelekea mama kwa shingo upande. Yeye akalikubali mara moja, maana kibandani nzi ndio walikuwa wateja. Alisema wale ni wasomi, wakishakula wao, watarudi kwenye vituo vyao na kusema ukweli, na Kibaigwa itasikia.

Alifika ukumbini na masufuria yake kwenye gari la kukodi. Alipika pilau, kuku wa kienyeji, ugali wa uwele na mlenda kwa wanaotaka cha nyumbani. Alivaa kitenge alichoshonea sherehe ya mahafali yangu. Ndani, bosi alikuwa anafundisha. Nilimsikia akisema kifua kikuu hakiambukizwi kwa kula chakula cha mtu wala kushikana naye mikono, na wale maofisa wakaitikia kwa sauti moja, kama darasa la kwanza. Habari ya mama hakuigusa.

Mlango ukafunguliwa, wakatoka kwa njaa na vicheko.

"Mbukwenyi," mama akawasalimu kwa Kigogo, huku akifunua sufuria la kwanza.

Walimtambua. Niliona jinsi macho yalivyotoka usoni kwake, yakaenda kwenye mwiko, yakarudi. Foleni ikalegea. Mmoja akakumbuka ana simu ya kupiga. Mwingine akasema yuko kwenye mfungo. Pembeni palikuwa na ndizi na soda, navyo viliisha. Walichukua vyenye ganda na vyenye kifuniko, wakaenda kukaa kivulini, huku kamba za vitambulisho zikining'inia shingoni.

Nikasimama mbele yao. "Huyu ni mama yangu. Hana TB, hajawahi kuwa nayo. Ile picha ilikuwa ya miwani!"

"Pole, dada," akasema mmoja kwa upole, akimenya ndizi.

Nilipakua sahani ya pilau, nikaweka paja la kuku juu, nikampelekea bosi. Watu wengine ningeweza kusema walidanganywa. Yeye picha aliichagua kwa mkono wake, na nilimwambia ukweli ofisini kwake.

"Kula," nikamwambia. "Wewe unajua."

Aliipokea sahani. Aliishika vizuri, akatabasamu kwa ajili ya wanaotazama, akageuza paja kwa uma, akaligeuza tena. "Tumbo langu leo halijakaa sawa," akasema. "Nifungieni, nitakula jioni."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Bila hasira, akaichukua ile sahani mkononi mwa bosi. "Mwache, mwanangu. Ameliamini bango lake."

Chakula walikula walinzi wa jengo na wafagizi, wakaongeza, wakasifu kuku. Mama aliwashukuru mmoja mmoja. Tulipokuwa tunapakia masufuria matupu kwenye gari aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, iwapo wale waliokuwa kivulini ndio wanaofundisha watu wa Kibaigwa.

"Ndiyo, mama."

Alifunga mlango wa gari kwa nguvu.

"Basi kile kibanda kiuze."