Mboga ya Siku Tatu

Mama alivunjika mkono wa kulia akitoka bafuni kwangu, hapa Kitengela, wiki mbili tu baada ya kumleta kutoka nyumbani Magharibi. Daktari pale Kajiado alimfunga plasta, akaniambia mfupa utaunga wenyewe mradi mgonjwa ale vizuri. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Mama hakula. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, akaikoroga sukuma wiki yangu mara mbili, akasema ameshiba. Ikawa hivyo siku baada ya siku, mpaka gauni likaanza kumpwaya mabegani. Jumatano jioni akaniambia Jumamosi nimpeleke steji, arudi kwake, nami kwa hasira nikaahidi. Kwake hakuna mtu. Kuna kuku, na kisima ambacho kamba yake huvutwa kwa mikono miwili.

Mimi ni mkaidi, na ukaidi huo nimeurithi kwake, kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili wasioambilika. Nilimwuliza, kwa ukali ambao sasa naujutia, chakula changu kina kasoro gani.

"Hii mboga haijaungwa," alisema. "Ile iliyokuwa inaungwa uliimwaga."

Ndipo nikaikumbuka sufuria. Jumapili ya wiki iliyotangulia, na plasta bado mbichi, mama alikuwa ameniagiza managu na mitoo, mboga zetu za kienyeji zenye uchungu, akazichemsha kwa mkono mmoja, akazitia maziwa, akazifunika na kuziweka pembeni ya jiko. Jumatatu jioni nilirudi kutoka kazini, nikasikia harufu ya uchachu, nikaona uzee umeanza kumsahaulisha. Niliwamwagia kuku wa jirani, kisha nikaisugua sufuria kwa waya mpaka ikang'aa. Mama alisimama mlangoni akinitazama.

Nililelewa bwenini tangu darasa la tano, na hilo neno, kuunga, nililijua kwa kila njia isipokuwa ya jikoni kwetu. Naishi mahali ambapo kila mtu anaunga kitu. Mafundi wa mageti kando ya barabara wanaunga vyuma, cheche zinarukia viatu vya wapita njia. Wapangaji wa ploti za nyuma wanangoja kuungiwa stima tangu mvua zilizopita. Wanasiasa wanapita na vipaza sauti wakitaka tuwaunge mkono, na wakishaungwa hatuwaoni tena. Na mimi nilidhani kuunga mboga ni kutupa kitunguu na nyanya kwenye mafuta ya moto, dakika tano, watu wale. Kwa mama ni maziwa, kisha moto mdogo, kisha kungoja. Kesho maziwa tena na moto tena, mpaka siku ya tatu ule uchungu uishe. Alikuwa amengoja mboga yake siku moja na nusu, nami nikawapa kuku.

Niliona aibu. Lakini aibu haimlishi mtu, nikaapa kwamba hiyo Jumamosi haitamkuta na njaa. Jioni ile ile nikanunua managu na mitoo, nikachambua hadi vidole vikawa kijani. Maziwa ya pakiti mama aliyanusa tu akageuza uso. Basi nikatembea hadi mwisho wa barabara ya murram, kwa mama mmoja wa Kimaasai ambaye ng'ombe wake hupita kati ya ploti zetu kila jioni. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na habari ya kuku. Alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Ya leo niko nayo," akasema, "lakini usibebe ya siku tatu mara moja. Mgonjwa huchukuliwa maziwa yake kila siku."

Alhamisi nikaenda kabla ya kazi. Ijumaa nikaenda. Kila nilipoongeza maziwa, mama aliketi kwenye stuli nyuma yangu akisema punguza moto, usikoroge sana, hiyo si sukuma. Ijumaa jioni nikampakulia na ugali. Alikula polepole, akaongezwa, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho. Nilitoka nje nikalia kidogo kando ya tangi la maji, kisha nikanawa uso.

Jumamosi asubuhi mkoba wake ulikuwa mlangoni, umefungwa. Nikavaa viatu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na sikutaka kumshikilia mtu mzima kwa nguvu. Nikamkuta jikoni. Alikuwa amezitandaza mezani managu mbichi zilizobaki, anazichambua kwa mkono wa kushoto, majani machache mno kwa dakika. Nikamwambia tukichelewa tutakosa gari.

Hakuinua macho.

"Hii italiwa Jumatatu," akasema. "Nikienda, nani ataiangalia? Wewe?"

Nikaurudisha mkoba chumbani, nikachukua kidumu, nikaenda kuleta maziwa.