Rangi Nyekundu Juu ya Maneno ya Njano

Jambo la kwanza nililoliona kwa Eufemia Archuleta ni jiwe. Kila alipoegesha gari alishuka na jiwe la mtoni, kubwa kama mkate, akalisukuma kwa kisigino chini ya gurudumu, kisha akasimama kidogo akilitazama gari kama mtu aliyemwambia mbwa akae. Hapa Ojo Blanco, kijijini kwetu mlimani, hakuna njia isiyo mteremko, na Impala yake ya mwaka sitini na nne, aliyoachiwa na baba yake, ilikuwa na breki za kizamani za ngoma magurudumu yote manne. Ukizikanyaga mara mbili mlimani zinapata moto. Mara ya tatu unakanyaga ukisali.

Eufemia ni dereva wa basi la shule. Kwa miaka kumi na tisa ameshuka mlima huo kwenye barafu na watoto thelathini nyuma yake, na hajagonga hata kuku. Nalisema hili mapema ili hasira yake ieleweke.

Mdogo wake, Onofre, ni mwenyekiti wa klabu ya magari ya bondeni. Kila Juni klabu hiyo hupitisha magari yake mjini Española, polepole, matumbo yakikaribia lami, kuwaenzi wanachama waliofariki. Mwaka huu picha ya baba yao ingekaa kwenye kioo cha nyuma cha Impala. Eufemia alitaka jambo moja tu: aliendeshe yeye, kutoka mlangoni kwao mpaka chini. Onofre akapitisha sheria mkutanoni kwamba gari la breki za ngoma halishuki ila juu ya trela. Trela ni yake. Na gari likishashushwa, angeliendesha yeye.

"Ni usalama tu, dada."

"Baba alishuka nalo miaka arobaini."

"Baba alikuwa na mguu mzito. Mguu wa kiume."

Jumamosi Eufemia alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu na spana zake ndani ya ndoo, akalala chali kwenye nyasi kavu chini ya gari moja bovu, akafungua diski mbili, za kuwekwa mahali pa ngoma za mbele, na kalipa zake, yale makoleo yanayoibana diski gari lisimame. Breki mpya za dukani zingemeza mshahara wake. Hizi zilimgharimu jasho na ngozi ya vidole. Kabla ya kuzitoa kwenye lile gari bovu aliziandika kalipa kwa rangi ya njano: moja *kushoto*, nyingine *kulia*. Pedi, mipira na pampu kuu ya breki alinunua mpya, kwa sababu, alisema, kuna vitu mtu habanii matumizi.

Kosa lake lilikuwa moja, kumkubalia Onofre azifunge. Onofre alijitolea mbele ya mama yao, mezani, mkono mmoja ukiwa kwenye sufuria ya maharage, na katika nyumba hizi ukimkatalia ndugu mbele ya mama unakuwa wewe ndiye mkorofi. Akazichukua kalipa kwake. Zilirudi nyekundu, zinang'aa kama peremende. Uzuri wa mkakasi. Akazifunga, akazipiga picha, akaenda zake.

Pedeli ikawa laini kama godoro.

Breki ikiingia upepo lazima utolewe, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipeli, kile kitundu cha kutolea upepo kwenye kalipa. Mama yao, Doña Cleofas, mwenye miaka themanini na moja, ndiye aliyekanyaga.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Baba yako nilimshikilia miaka hamsini, nitashindwa na pedeli?"

Wiki tatu, kila jioni akitoka kazini. Mapovu yalitoka, na pedeli ikazama vilevile. Eufemia aliifungua pampu mara mbili, akakagua kila mpira. Mafuta ya breki yakambambua mikono. Onofre alikuja, akakanyaga, akatikisa kichwa. Dukani, mbele ya watu, alisema, "Dada yangu amezoea basi. Breki za gari la heshima hazimjui." Watu wakacheka. Na mimi, jirani yao, naona aibu kuandika kwamba Eufemia alianza kumwamini. Nilimsikia akimwambia mama yake huenda kweli hajui.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya msafara wa magari, Doña Cleofas alichoka.

"Hivi huo upepo unautolea wapi?"

"Hapa chini, mama."

"Chini? Nikijaza mfuko wa maji moto wa kiuno changu, upepo nautoa juu. Upepo gani unashuka?"

Eufemia aliitazama nipeli. Ilikuwa inatazama ardhi. Akaenda upande wa pili; nayo inatazama ardhi. Akachukua kisu, akaikwangua rangi nyekundu kwenye kalipa ya gurudumu la kushoto. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na neno *kulia*: zilifungwa kinyume, na upepo ulikuwa umebaki juu.

Hakupiga kelele. Alimpigia simu Onofre. "Njoo na trela."

Onofre alikuja mbio, akidhani dada yake ameshindwa. Dada yake akamwonyesha kwa ncha ya kisu.

"Soma."

Alisoma. "Labda ulikosea wewe ulipoandika."

"Ungesema hivyo kama ungesoma. Hukusoma. Ulipaka rangi juu ya neno langu, halafu wiki tatu ukanifanya kichekesho cha duka."

"Dada, nilitaka zipendeze."

"Nilikuogesha mimi, Onofre. Kushoto na kulia nilikufundisha mimi, kwa viatu vyako. Lala chini unishikie taa."

Akalala chini, na shati lake la klabu. Eufemia alizifungua kalipa zote mbili, akazibadilisha upande, nipeli zikatazama juu. Mama akakanyaga. Mapovu yakatoka mengi, kisha yakakatika.

"Imekaza," alisema Doña Cleofas. "Mguu umefika kwenye mwamba."

Ijumaa Eufemia alilijaribu gari kwenye njia tambarare, kisha kwenye mteremko wa shule, mara kumi na mbili. Lilisimama limenyooka kila mara. Onofre akasema sasa basi, wapatane.

"Tutapatana Jumapili," Eufemia alijibu. "Nikikukuta chini."

Leo ndiyo Jumapili. Misa imekwisha, na nusu ya kijiji tumekaa kwenye ukuta wa kanisa, mahali unapoiona barabara ikishuka kona kwa kona hadi darajani. Onofre alitangulia asubuhi na trela tupu; kutoka hapa inaonekana imeegeshwa kando ya daraja. Doña Cleofas amekaa kiti cha mbele na amekataa kushuka, kwa sababu breki, anasema, amezikanyaga yeye. Jiwe la mtoni lipo hapa ukutani, kando yangu. Eufemia ameliacha bila kuligeukia.

Injini imewaka. Pua ya Impala imetokeza kwenye geti la kanisa, na sote tunaitazama kona ya kwanza.