Buti za Hoza

Usiku ule nililala na buti za marehemu Hoza chini ya kitanda changu. Mkewe, Mama Mwanaidi, ndiye aliyezileta jioni. Aliniomba nizipake mafuta na kuzijaza matambara mbele, maana asubuhi binti yake angezivaa na kupanda nami msituni.

Kila mwaka, masika yakishapita, watu wa mradi wa ndege hutupigia simu sisi wa vijiji vya chini ya msitu tukafanye kazi kambini. Tunatega nyavu laini katikati ya miti, tunawanasua ndege, wanapimwa, wanavishwa pete ndogo mguuni, wanaachiwa. Vuli ikikaribia tunarudishwa nyumbani, mkataba umeisha. Hoza ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, na nilimwita kaka ingawa hatukuzaliwa pamoja.

Msimu uliopita, siku za mwisho mwisho, mvua ilitushukia ghafla nyavu zikiwa wazi. Ndege aliyenaswa akilowa hufa kwa baridi, kwa hiyo hapo hakuna kusubiri, ni mbio. Hoza alikimbia bila koti, kwa sababu makoti tuliyoahidiwa hayakuwahi kufika. Aliwanasua wote wa upande wake, akawatia kwenye vifuko vya kitambaa, na vifuko akavitia ndani ya shati ili wapate joto la kifua chake. Hakufa hata mmoja. Mkuu wa kambi alifurahi sana, akampiga picha. Jioni ileile kikohozi kilianza, msimu ukafungwa naye bado anakohoa, na msimu ukishafungwa ugonjwa ni wako na mkeo. Tulimzika kabla ya masika.

Mwaka huu simu ilipokuja nilimwambia mkuu wa kambi kwamba Hoza amefariki. Akasema, "Aa, pole sana. Unaye mtu mwingine?" Na ni mtu huyuhuyu ambaye ndege kama shore mwenye pete ya zamani akinaswa tena, huita kambi nzima ije imtazame, utadhani ndugu amerudi kutoka safari. Uchungu ule sijaumaliza mpaka leo.

Mama Mwanaidi alipopata habari kwamba wanatafuta mtu, alisema mtu huyo ni binti yake. Sikukubali, wala sikukataa. Nilimwambia nitampa jibu asubuhi, nikazipokea buti, nikazipaka mafuta, nikalala.

Nikasikia mkono unapapasa chini ya kitanda.

Sikuogopa. Niliuliza tu, "Unatafuta nini, kaka?" Alikuwa peku, tope limempanda hadi magotini, na shati lake limevimba kifuani na linachezacheza. Nataka kumwambia buti hizo hapo, mbele ya mkono wako, lakini ulimi umekuwa mzito, na naona haya, kama mtu aliyekutwa na vitu vya watu. Anapapasa, anapapasa, hazioni. Anapoinuka hatuko chumbani tena.

Tuko kwenye njia ya nyavu, ile inayoshukia mtoni, na mvua inanyesha bila sauti. Mimi nimevaa koti la mvua, lile nililojinunulia baada ya kumzika. Yeye hana. Nalivua nimpe, na kila ninapolivua najikuta bado nimelivaa. Hoza ametangulia, anakagua wavu mmoja baada ya mwingine kama kawaida yake, na zote ni tupu. Kando ya njia, palipokuwa na gogo letu la kupumzikia, amekaa mkewe juu ya kigoda na ungo mapajani, anachambua. Nasogea nione anachambua nini. Ungo hauna kitu. Vidole vyake vinaendelea kuchambua, wala hainui macho.

Kwenye wavu wa mwisho kuna kitu. Ni mtandio wa Mwanaidi, ule wa zambarau, umejiviringisha kwenye nyuzi na unapanda na kushuka, kuna pumzi ndani yake. Hoza anapiga magoti kwenye tope. Anafanya kama alivyonifundisha mimi: huvuti, huharakishi, kwanza unatafuta ndege ameingilia upande gani, kisha unamtoa kwa upande huohuo, ukianza na miguu. Anageuza huku, anageuza kule. Vidole vyake, vidole ambavyo sikuwahi kuviona vikikosea, vinatetemeka kwa baridi.

"Ameingilia upande wangu," anasema.

Kisha anafungua vifungo vya shati. Ndege wanatoka mmoja mmoja, wakavu kabisa, kila mmoja na pete yake, wanaruka kupita kichwani kwangu. Wanatoka mpaka shati linalala bapa kifuani pake, na kifua chenyewe kimebaki mbavu. Hapo ndipo ananitazama kwa mara ya kwanza.

"Usimlete."

Nikamwuliza, "Na nyumbani watakula nini, kaka?"

Aligeuka akamtazama mkewe na ule ungo. Alimtazama sana. Mvua ilianza kuwa na sauti, na sauti ile ilikuwa ya bati la nyumba yangu.

"Nimekwambia usimlete," akasema, na nikaamka mkono wangu uko chini ya kitanda umeshika buti moja.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Sikunawa uso. Nilibeba buti na maneno yake, nikaenda navyo moja kwa moja hadi kwa Mama Mwanaidi. Alikuwa jikoni anapuliza moto wa kuni mbichi. Mwanaidi alikuwa mlangoni na mfuko wake wa nguo, mtandio wa zambarau kichwani.

Nilimweleza mama yake yote, kama nilivyoyaona.

"Kwa hiyo amekuja kwako, shemeji," akasema.

"Amekuja."

"Mimi nalala kitanda kilekile alichofia. Hajanijia hata siku moja." Akainama akapuliza tena moto, moshi ukamjaa machoni. "Akija tena, mwambie aje na unga."

Nilimwekea Mwanaidi buti miguuni, akazivaa, akafunga kamba vizuri kuliko nilivyotarajia, tukaondoka.

Tulipofika kwenye miti ya kwanza, mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Nilikuwa najichukia, nawachukia watu wa mradi, na kusema kweli nilimchukia hata Hoza, aliyekuja kunitwisha neno nisiloweza kulitimiza. Mwanaidi alikuwa nyuma yangu.

"Baba mdogo, kwani baba alisema nini hasa?"

Kumbe kule mlangoni hakuwa amesikia yote. Nilivua koti langu la mvua, na safari hii likavuka. Nikamvisha.

"Alisema mvua ikianza uvae hili, ukimbilie kambini. Ndege utuachie sisi."

Alikunja mikono ya koti, maana ilimzidi, huku akinitazama kama mtu anayemwonea huruma mwongo.

"Huyo si baba," akasema. "Baba angesema tuwatoe ndege kwanza."